Malezi ya Kifaransa na ya Kimarekani: kipi ni tabia ya mzazi, kipi ni kazi ya sheria

Kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi haziishi video za aina hii: mtoto wa miaka mitatu ameketi mgahawani Paris, anakula samaki na karoti kwa uma, katulia tuli, kisha anaonyeshwa mwenzake wa Marekani anagaragara sakafuni dukani akidai pipi. Chini yake maoni yanagawanyika. Wapo wanaoamini kwamba Wafaransa wana siri ambayo wengine tumenyimwa. Wapo wanaosema hao wote ni Wazungu tu, hawachapi watoto, adabu wataitoa wapi. Kundi la kwanza linaisifu familia kwa kazi iliyofanywa na bunge na halmashauri za miji. Kundi la pili linadhani Ulaya na Marekani ni nyumba moja yenye sheria moja.

Anayetaka kuelewa tofauti ya nchi hizi mbili aanze na swali dogo: mtoto akifikisha miezi mitatu, nani anakaa naye mchana, na nani analipa? Mengi yanayoonekana mezani na kitandani yanatokana na jibu la swali hilo. Yapo pia yanayotoka kwa mzazi mwenyewe, na hayo mtu yeyote anaweza kuyaiga popote alipo. Kuyachanganya ndiko kunakoleta ubishi usiokwisha.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani. "Malezi ya Kifaransa" katika ubishi huu ni malezi ya familia za kipato cha kati, hasa za mijini, ambazo baba na mama wote wako kazini. Sifa zake zilivuma mwaka 2012, pale mwandishi wa habari wa Kimarekani aliyekuwa akilea wanawe Paris alipochapisha kitabu kuhusu aliyoyaona kwa majirani zake. Waliokuwa wakilinganishwa ni watu wenye ajira nzuri wa Paris na watu wenye ajira nzuri wa miji kama New York. Familia ya Wakomoro wanaoishi Marseille haimo humo, na mama wa Alabama anayefanya kazi zamu mbili hayumo pia.

"Malezi ya Kimarekani" nayo si kitu kimoja. Mwanasosholojia Annette Lareau alionyesha mwaka 2003 kwamba familia za kipato cha kati nchini humo humjazia mtoto ratiba ya muziki, michezo na masomo ya ziada, na humzoesha kujadiliana na watu wazima. Familia za wafanyakazi wa kipato cha chini humwacha mtoto acheze na binamu zake, na mzazi akisema jambo halijadiliwi. Malezi hayo ya pili msomaji wa Mbeya au Kisumu atayatambua mara moja. Kwa hiyo umbali kati ya tajiri na maskini ndani ya Marekani unaweza kuwa mkubwa kuliko umbali kati ya Paris na New York.

Usingizi hufuata kalenda ya kazi

Dai linalorudiwa zaidi ni kwamba mtoto wa Kifaransa hulala usiku kucha akiwa na miezi miwili au mitatu, kwa kuwa mama yake harukii kumbeba kila akilia. Itazame kalenda kabla ya kumtazama mama. Likizo ya uzazi Ufaransa kwa mtoto wa kwanza na wa pili ni wiki 16: 6 kabla ya kujifungua na 10 baada yake. Kwa mtoto wa tatu ni wiki 26, kwa mapacha 34. Malipo yanatoka mfuko wa hifadhi ya jamii. Tangu Julai 2021 baba naye ana siku 28, na 7 kati ya hizo hana hiari, lazima azichukue. Maana yake mama wengi wanarudi kazini mtoto akiwa na wiki 10, au zaidi kidogo kwa aliyeunganisha na likizo ya mwaka. Tarehe inajulikana nyumba nzima tangu mimba. Usingizi wa mtoto unakuwa suala la ajira, na ndiyo maana jirani, shangazi na daktari wote wanauliza kama mtoto ameanza kulala usiku. Wafaransa wengi pia hunyonyesha kwa muda mfupi au hawaanzi kabisa. Marekani zaidi ya watoto 8 kati ya 10 huanzishiwa ziwa la mama. Ufaransa idadi iko chini ya hapo. Mtoto wa chupa baba anaweza kumhudumia saa nane za usiku bila kumwamsha mama.

Marekani kalenda ni nyingine. Sheria ya kitaifa ya mwaka 1993 inatoa wiki 12 za likizo bila malipo, na si kwa kila mtu: mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi, na wewe uwe umefanya kazi kwake miezi 12, angalau saa 1,250. Asiyetimiza masharti hayo anategemea huruma ya mwajiri au sheria ya jimbo lake. Majimbo kadhaa yameanzisha mifuko ya kulipia likizo, California ikitangulia mwaka 2004, na watumishi wa serikali kuu wamepata wiki 12 zenye malipo tangu Oktoba 2020. Kwa hiyo yupo mama anayerudi kazini mtoto akiwa na wiki chache tu, na yupo aliyeacha kazi kabisa kwa sababu mshahara wake ungeishia kwenye ada ya kituo cha watoto. Hawa wawili hawawezi kuwa na mtazamo mmoja kuhusu usiku.

Sasa mbinu yenyewe. Usingizi wa mtoto mchanga huenda kwa mizunguko mifupi, kama dakika 50 hadi 60. Kati ya mzunguko na mzunguko mtoto hujinyoosha, huguna, hata hulia kidogo macho yamefumba. Mzazi akimnyakua hapo hapo, anamwamsha mtoto ambaye huenda angeunganisha usingizi mwenyewe. Wanaofuata desturi hii husimama na kusikiliza dakika 2 hadi 5. Kilio kikififia, wanamwacha. Kikipanda, wanakwenda: nepi, njaa, joto, gesi tumboni. Kumwacha mtoto alie mpaka achoke ni jambo jingine, lisichanganywe na hili.

Makosa hutokea pale mbinu hii inapotumiwa kwa mtoto asiyefaa. Mtoto wa wiki za kwanza ambaye hajarudia uzito wake wa kuzaliwa analishwa akilia, hata akisinzia anaamshwa alishwe. Njiti hivyo hivyo. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi hasubiriwi kwa lolote, anapelekwa hospitali.

Wamarekani nao wanajua kusubiri. Daktari Richard Ferber wa Boston alieneza mwaka 1985 njia ya kumzoesha mtoto wa miezi kama mitano au sita kulala mwenyewe, mzazi akirudi chumbani kwa vipindi vinavyorefuka kidogo kidogo. Upande wa pili yuko daktari William Sears, aliyehimiza kumbeba mtoto mwilini, kumnyonyesha kila atakapo na kulala karibu naye. Kwa mama aliyelelewa mgongoni kwa kanga hilo halina ugeni wowote. Mzazi wa kawaida wa Kimarekani huchanganya. Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinasisitiza zaidi usalama: mtoto alale chali, kwenye kitanda chake chenye godoro gumu lisilo na mito wala mablanketi, ndani ya chumba cha wazazi kwa angalau miezi 6.

Mchana mtoto yuko kwa nani

Hapa ndipo penye mzizi. Paris ilifungua crèche ya kwanza, yaani kituo cha kulea watoto wachanga mchana, mwaka 1844. Leo vituo hivyo hupokea watoto wa kuanzia miezi miwili na nusu hadi miaka mitatu. Ada hupimwa kwa kipato cha familia na idadi ya watoto, na pengo hujazwa na mfuko wa ruzuku za familia pamoja na halmashauri ya mji. Sheria inataka mlezi mmoja kwa watoto 5 wasiotembea na mmoja kwa 8 wanaotembea, au mmoja kwa 6 bila kujali umri. Familia nyingi zaidi, hata hivyo, hupeleka mtoto kwa mlezi aliyesajiliwa anayelea nyumbani kwake watoto wasiozidi wanne. Mlezi huyo anakaguliwa na huduma ya afya ya mama na mtoto, iliyoanzishwa mwaka 1945, ambayo pia hupima na kuchanja bure watoto wote wa chini ya miaka 6.

Mtoto akitimiza miaka mitatu anaingia shule ya awali ya serikali, bila ada. Tangu Septemba 2019 ni lazima kisheria, ingawa hata kabla ya hapo karibu watoto wote walikuwa wakienda. Huko anajifunza kukaa kwenye duara, kungoja zamu, kusalimia, kula na wenzake mezani, kuvaa koti mwenyewe. Mtoto aliyetulia mgahawani amefanya mazoezi hayo siku nne au tano za wiki tangu akiwa hana hata meno yote, akifundishwa na watu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mama yake anastahili pongezi zake, lakini hakuifanya kazi hiyo peke yake.

Marekani ilikaribia kuwa na mfumo wa namna hiyo. Wakati wa vita kuu ya pili serikali ililipia vituo vya watoto wa kina mama waliokuwa viwandani, na vita vilipokwisha vikafungwa. Mwaka 1971 bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha vituo nchi nzima, ada ikifuata kipato. Rais Richard Nixon akaikataa Desemba mwaka huo, akisema ingeelekeza nchi kwenye malezi ya pamoja badala ya malezi ya familia. Tangu hapo kila familia hujitafutia. Watoto wa familia za kipato cha chini wana Head Start, mpango wa serikali kuu wa elimu ya awali ulioanza 1965, ingawa nafasi hazitoshi wote wanaostahili. Oklahoma ilifungua shule ya awali kwa kila mtoto wa miaka minne mwaka 1998, na majimbo mengine yakafuata kwa viwango tofauti. Kwingine darasa la umma linaanza kwa miaka mitano. Katika majimbo mengi ada ya mwaka ya kituo cha mtoto mchanga hupita ada ya chuo kikuu cha umma.

Msomaji asiondoke hapa akidhani Ufaransa ni pepo. Nafasi za crèche hazitoshi na wazazi huanza kuomba mtoto akiwa tumboni. Mwaka 2022 mtoto wa miezi 11 alifia katika kituo kidogo cha Lyon mikononi mwa mlezi, na ripoti ya wakaguzi wa serikali iliyotoka 2023 ikaonyesha vituo vyenye walezi wachache waliochoka na watoto wanaotendewa vibaya. Mfumo mzuri kwenye karatasi unahitaji watu wa kutosha ndani yake.

Meza

Kuhusu chakula tofauti ni kubwa na inaelezeka kwa urahisi, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mtoto wa Kifaransa hula mara nne: asubuhi, saa sita mchana, saa kumi au kumi na nusu jioni, na kama saa moja na nusu usiku. Kile cha saa kumi huitwa goûter: kipande cha mkate na chokoleti, tunda, mtindi, au keki ya nyumbani. Nje ya saa hizo hupewa maji. Matokeo yake anafika mezani akiwa na njaa, na mwenye njaa hula karoti. Hakuna muujiza mwingine.

Shuleni desturi hiyo inalindwa na kanuni. Mapumziko ya mchana hayapungui saa moja na nusu. Amri ya mwaka 2011 inataka mlo wa shule uwe na sehemu nne au tano: kitangulizi, chakula kikuu na mboga zake, jibini au maziwa, na kitamu cha mwisho. Katika kila milo 20 inayofuatana, vyakula vya kukaangwa kwenye mafuta mengi visizidi milo 4, na tunda bichi liwe kitamu cha mwisho angalau mara 8. Maji na mkate mtoto hujichukulia atakavyo. Chumvi, mayonezi na tomato sosi haviwekwi mezani, huletwa pale tu chakula cha siku kinapovihitaji. Mashine za kuuza soda na pipi ziliondolewa shuleni mwaka 2005. Tangu Novemba 2019 mlo mmoja kwa wiki hauna nyama wala samaki.

Shule nyingi za Marekani hutoa dakika 20 hadi 25 za chakula cha mchana, foleni ikiwa ndani ya dakika hizo. Mtoto anatoka na nusu ya sahani, anaingia kwenye gari kwenda mazoezi ya mpira, anapewa biskuti na juisi njiani, anafika nyumbani saa moja usiku hana njaa ya mboga. Mama anasemwa kuwa amemdekeza. Ukichunguza, ratiba ndiyo iliyomlisha biskuti.

Sehemu inayomhusu mzazi mwenyewe ni namna ya kumzoesha mtoto ladha. Wafaransa huanza kati ya miezi minne na sita kwa mboga moja moja iliyochemshwa na kupondwa laini: karoti leo, kesho maharage mabichi, keshokutwa boga. Vijiko viwili vitatu vinatosha mwanzoni, maziwa yakiendelea kama kawaida. Wamarekani kwa miaka mingi walianza na uji wa unga wa mchele. Siku hizi madaktari wao wanashauri kuchanganya nafaka na mboga, kwa kuwa mchele unaweza kubeba arseniki. Nchi zote mbili zinakataza asali kabla ya miezi 12.

Mtoto akitema mchicha hajasema hapendi mchicha. Mara nyingi anahitaji kuuonja mara 8 hadi 15, kwa siku tofauti, kabla hajaukubali, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu. Kanuni inayotumika ni kuonja: tia kinywani kiasi kidogo, kumaliza si lazima. Mambo mawili huiharibu. La kwanza ni kulazimisha, maana mtoto anaanza kuogopa meza yenyewe. La pili ni kuahidi pipi kwa atakayemaliza mboga. Hapo unamfundisha kwamba mboga ni adhabu na pipi ni mshahara.

Keki ya mtindi inaonyesha malezi haya kwa karibu kuliko maelezo mengi. Ni keki ambayo watoto wengi wa Kifaransa huipika kwanza, wakiwa na miaka mitatu au minne, na kipimo chake ni kikombe cha mtindi chenyewe cha gramu 125. Mimina mtindi bakulini, osha kikombe na ukikaushe vizuri, kwa sababu kikombe chenye unyevu hushika unga na kipimo kinapungua. Kisha vikombe 2 vya sukari, mayai 3, vikombe 3 vya unga wa ngano, pakiti moja ya beking pauda ya gramu 11, na mwisho nusu kikombe cha mafuta ya kupikia. Koroga mpaka unga upotee, usizidishe, la sivyo keki inakuwa ngumu. Oveni iwe nyuzi 180, dakika 30 hadi 35. Kazi ya mtoto ni kuhesabu vikombe, kuvunja mayai na kukoroga; ya mzazi ni oveni na kunyamaza unga unapomwagika. Keki ikiiva saa nne asubuhi, huliwa saa kumi. Kungoja huko ndiko kunakofundishwa, kwa vitendo, bila hotuba.

Kuhusu kungoja kuna imani moja ya kurekebisha. Jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, linatajwa kila mara: mtoto wa kama miaka minne anawekewa kitamu kimoja na kuambiwa akingoja mpaka mtu mzima arudi, muda ambao ungeweza kufika dakika 15, atapata viwili. Walioweza kungoja walionekana baadaye kufanya vizuri zaidi masomoni. Watu wakahitimisha kwamba anayemfundisha mtoto kungoja amemhakikishia maisha. Utafiti mpya wa 2018 wenye watoto zaidi ya 900 ulikuta uhusiano huo ni nusu ya uliodhaniwa, na ukizingatia hali ya nyumbani na elimu ya wazazi, sehemu kubwa ya kilichobaki inatoweka. Mtoto asiye na uhakika wa chakula cha kesho ana sababu nzuri ya kula cha leo.

Amri, uhuru na fimbo

Wazazi wa Kifaransa huzungumzia sana mipaka. Fikiria uwanja wa mpira: mistari haisogezwi, lakini ndani yake mchezaji hukimbia anakotaka. Sheria ni chache na hazijadiliwi, kwa mfano saa ya kulala, saa za kula, na salamu. Ndani ya sheria hizo uhuru ni mpana: saa mbili usiku mtoto lazima awe chumbani, ila akiwa huko anaweza kutazama picha za kitabu mpaka usingizi umchukue. Salamu hasa hazina msamaha. Mtoto akiingia dukani au nyumbani kwa watu bila kusema bonjour, wazazi wake wanaonekana hawakumlea, sawasawa na mtoto wa Tanga anayempita mzee bila shikamoo.

Sambamba na mipaka kuna heshima kwa mtoto kama mtu kamili. Aliyeieneza fikra hiyo ni daktari Françoise Dolto, aliyefariki 1988. Kati ya 1976 na 1978 alijibu barua za wazazi kwenye redio ya taifa, akiwaambia waseme na watoto ukweli, hata mtoto mchanga, kuhusu kifo, talaka au kuhama.

Je, Wamarekani hawana mipaka? Mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Berkeley aligawa malezi katika makundi matatu tangu miaka ya 1960: ya amri tupu, ya kuachia kila kitu, na ya msimamo unaoambatana na upendo na maelezo. Watoto wa kundi la tatu ndio aliowaona wakiwa na kujitegemea na nidhamu zaidi, na ndilo madaktari wa Marekani wanalolipendekeza. Malezi ya Kifaransa yakifanywa vizuri yanaangukia hapo hapo. Tofauti ni ya mwelekeo: Mmarekani wa kipato cha kati hueleza zaidi, hutoa machaguo mengi na husifu sana, Mfaransa hueleza mara moja na kusema hapana.

Hata Wafaransa wenyewe hawajakubaliana. Tangu 2022 kumekuwa na mzozo mkali kati ya mwanasaikolojia Caroline Goldman, anayetaka mtoto aliyekosea apelekwe chumbani kwake kwa muda mfupi, na wafuasi wa malezi chanya, yaani ya kumwelekeza mtoto kwa upole bila adhabu, kama Isabelle Filliozat, wanaoona huko ni kumtelekeza mtoto kihisia. Kinachovutia ni kwamba kumtenga mtoto kwa muda ni mbinu iliyokomaa Marekani, na malezi chanya nayo yalifika Ufaransa kwa sehemu kubwa kupitia mafunzo ya Mmarekani Jane Nelsen. Wanaopigana Paris wanatumia silaha zilizotoka ng'ambo.

Sasa fimbo, jambo linalopotoshwa zaidi kwetu. Mfaransa alimchapa mtoto makofi ya makalio vizazi hadi vizazi, na wengi waliona ni haki ya mzazi. Sheria ya Julai 2019 ndiyo iliyoandika katika kitabu cha sheria za kiraia kwamba mamlaka ya mzazi hutumika bila ukatili wa mwili wala wa akili. Marekani, kwa upande wake, kumchapa mtoto nyumbani bado ni halali katika majimbo yote 50 ilimradi adhabu ionekane ya kiasi, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua mwaka 1977 kwamba hata shule inaweza kuchapa bila kuvunja katiba. Zaidi ya majimbo kumi, mengi ya kusini, bado yanaruhusu ubao wa kuchapia wanafunzi. Chuo cha madaktari wa watoto nchini humo kilitoa tamko la kupinga kuchapa mwaka 2018, lakini tamko si sheria. Marekani pia ilitia saini Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1995 na haijauridhia hadi leo. Ufaransa iliuridhia 1990.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia huko, hili lina uzito wa kila siku. "Kiasi" hupimwa na afisa wa ustawi wa watoto, wala si na bibi kijijini. Alama ya mkanda kwenye ngozi, mwalimu wa Marekani analazimika kisheria kuiripoti, na daktari vivyo hivyo. Ufaransa kuna namba 119, ya bure saa zote, ambayo hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kumwacha mtoto peke yake nako hutofautiana: Maryland, mtoto wa chini ya miaka 8 haachwi bila mtu wa angalau miaka 13, wakati Utah ilipitisha sheria mwaka 2018 kwamba mzazi anayemruhusu mtoto aliyekomaa kutembea mwenyewe kwenda shule au uwanjani hajamtelekeza. Tafuta sheria ya jimbo lako hasa, usitegemee ya binamu aliyeko jimbo jingine.

Nani ana nafuu

Watafiti waliwahi kulinganisha siku ya wanawake wa Columbus, Ohio, na ya wale wa Rennes, Ufaransa. Wamarekani walitumia muda mwingi zaidi kuwahudumia watoto, lakini hawakuufurahia kama wenzao wa Ufaransa. Mwaka 2016 utafiti mwingine ulilinganisha furaha ya wenye watoto na wasio nao katika nchi 22 tajiri. Pengo kubwa zaidi la kuwaumiza wazazi lilikuwa Marekani, na kilicholieleza zaidi ni likizo za malipo, gharama za malezi ya mchana na uwezekano wa kupata ruhusa kazini. Mzazi asiyelala kwa hofu ya ada hawezi kuwa na subira ya kungoja dakika tano karibu na kitanda.

Kwa hiyo familia ya Wakongo iliyopata makazi Ohio inaweza kuchukua nyakati nne za kula kwa siku, kijiko cha kuonja, salamu isiyo na msamaha na sheria chache zisizosogezwa, hata kama wazazi wanapishana zamu ghalani. Saa ya goûter inaweza kuwa kumi na moja badala ya kumi, muhimu isiwe kila saa. Wiki 16 na crèche haiwezi kuzichukua. Iulize idara ya rasilimali watu kama masharti ya wiki 12 yametimia, na iombe nafasi ya Head Start mapema kabla foleni haijajaa. Familia iliyoko Lyon iende ofisi ya mji mimba ikiwa ya miezi sita hivi kuandikisha ombi la crèche, na wakati huo huo ipate orodha ya walezi waliosajiliwa wa mtaa wake, kwa sababu jibu la crèche mara nyingi huwa ni hapana.